Mi naangalia mkono wa mgongoni

Jamani kuna jambo limenikaa kifuani tangu Jumapili na nisipoliandika sitalala. Nilikuwa Magomeni kwa mama mkubwa, kama kawaida yangu kila Jumapili, simu nimeijaza bando la kutosha, nikaiunganisha na TV yake pale sebuleni tukawa tunaangalia klipu za yale mashindano ya Uingereza ya mastaa kucheza dansi, Strictly Come Dancing, na mdogo wangu (mtoto wa mama mkubwa, yupo chuo mwaka wa pili, kutwa anajirekodi amapiano barazani) akapita anaenda jikoni kuchukua maji, akasimama kama sekunde kumi hivi mlangoni, akasema, "Dada, huyu hajui kucheza bana, hata hajarushwa juu." Akaenda zake na jagi.

Hajarushwa juu! Yani mtu anacheza walzi, ile dansi ya kushikana na kuzunguka, wamefunga kwenye mzunguko wao kama maji yanavyozunguka kwenye beseni, hakuna hata hatua moja iliyogongana, halafu kosa lake ni kwamba hajarushwa juu. Mi nikawaka, nikataka kumfuata huko huko jikoni, mama mkubwa akanishika mkono akaniambia, "Mwache mwanangu, yule anaangalia sarakasi."

Sasa kwa asiyeyajua haya mashindano nieleze kidogo. Yalianza 2004 BBC One. Wanachukua watu maarufu, mwigizaji, mtangazaji, mwanamichezo mstaafu, mchekeshaji, hata mwanasiasa, kila mmoja anapewa mwalimu wake ambaye dansi ndo kazi yake, wanajifungia wiki nzima kufundishana dansi moja mpya, Jumamosi usiku wanaicheza laivu na orkesta inapiga pale pale, majaji wanne kila mmoja ana alama 10, jumla 40, halafu wananchi nao wanapiga kura. Wamarekani wakaona kitu kizuri, 2005 wakaanzisha ya kwao kwenye TV ya ABC, Dancing with the Stars, mpango ni ule ule, ila ya kule ikiwa laivu huku kwetu ni saa tisa saa kumi za usiku na mi kazini naingia saa mbili asubuhi, kwa hiyo zote mbili naziangalia kwa klipu, misimu imechanganyika, leo naangalia ya 2021 kesho ya 2008, na wala hainipunguzii raha kujua nani alishinda maana mi sifuatilii nani kashinda. Nafuatilia kitu kimoja tu na hicho ndo nataka kuwaambia.

Mama mkubwa alikuwa mcheza dansi. Siyo wa kulipwa, namaanisha alikuwa binti wa Ilala miaka ile ambayo binti na kijana wakitaka kuonana kwa heshima wanaonana dansini. Anakwambia ukumbi wa Arnautoglo pale Mnazi Mmoja, anakwambia bendi ya NUTA Jazz, hii hii iliyoanzishwa 1964 baadae ikaitwa JUWATA na leo tunaiita Msondo, anakwambia jinsi walivyokuwa wanamwaga poda sakafuni ili viatu viteleze, na kabla hajaruhusiwa kwenda ukumbini alijifunza na dada zake nyumbani, mlango umefungwa, wanapokezana nani awe mwanaume. Ndo maana mpaka leo anajua kuongoza na anajua kufuata. Ana miaka sabini na kitu, goti la kulia linamsumbua, lakini akikaa mbele ya TV watu wakicheza utaona kisigino chake kinahesabu chini ya kochi.

Mwanzoni nilipomletea haya mashindano mi nilikuwa naangalia kama watu wengi, naangalia gauni, naangalia miguu, naangalia nani anakata kiuno. Siku moja akaniuliza, "We unaangalia wapi?" Nikamwambia miguuni. Akasema hapana. Akasogeza stuli kwa mguu, akakaza khanga kiunoni, akaniambia simama. Mkono wake wa kulia akauweka mgongoni kwangu chini kidogo ya mfupa wa bega, vidole vimekaa pamoja havijatawanyika, na hajanikaba, yani ni kama mtu kashika sahani yenye mchuzi. Hajasema neno. Redio haipo, wimbo haupo. Halafu nikahisi kidole kile kidogo cha mwisho kimekaza, kidogo sana, kama unavyobonyeza papai kuangalia limeiva, na mguu wangu wa kulia ukarudi nyuma wenyewe. Sikuuambia jamani. Ulirudi. Akakaza tena upande mwingine, nikageuka. Tukazunguka kati ya friji na meza ya TV mara mbili mi sijui hata stepu moja ya walzi, na ilikuwa walzi.

Akaniachia akakaa zake akasema, "Mkono ukiongea na mgongo ukasikia, miguu inafuata. Mkono ukilala, hata mruke mpaka darini hamjacheza."

Tangu siku ile mi siangalii kitu kingine. Kamera ikikata nagombana na TV. Na hili nalisema kwa uchungu kabisa, hawa watu wa kamera wanatuharibia sana, watu wako katikati ya foksitroti, dansi nyingine ya kushikana, ndo wanageuka kona ya sakafu, sehemu ambayo ndo utajua nani anaongoza na nani anaburuzwa, wao wanakata kwenda kutuonesha mama wa mshiriki analia kule kwa watazamaji. Mama wa mtu analia tutamwona baadae, hatoki pale. Nionesheni mgongo.

Ukishaanza kuangalia mkono, kuna watu wawili wanakuwa wakubwa kuliko wote na hapo ndo ugomvi wangu na mdogo wangu ulipo.

Wa kwanza ni Rose Ayling-Ellis, msimu wa 2021. Mwigizaji, ni kiziwi, kiziwi wa kwanza kushiriki, anavaa vifaa vya masikioni, na alipangwa na Giovanni Pernice, Mtaliano, mwalimu mkali kweli kweli. Wiki ya sita tu walicheza tango wakapewa 40 kwa 40, na haikuwahi kutokea mtu kupata zote mapema hivyo kwenye msimu. Lakini siyo hiyo. Mwezi wa kumi na moja walicheza dansi ya kuchagua wenyewe, na katikati muziki ukazimwa. Ukazimwa kabisa, siyo kupunguzwa. Na wao wakaendelea kucheza, ukumbi mzima kimya, wanazunguka, wameshikana, hesabu iko wapi, iko kwenye mikono, hakuna mahali pengine inapoweza kuwa. Halafu muziki ukarudi na wao wapo pale pale kwenye mapigo, hawajatangulia hawajachelewa. Mi mara ya kwanza naiona nilikuwa kwenye mwendokasi nimesimama nimeshika bomba, nikalia mpaka dada wa pembeni akanipa tishu. Giovanni alikuwa anasema ile ni heshima kwa jamii ya viziwi na ni kweli, ila mama mkubwa alipoiona alisema kitu kingine, alisema, "Wale wote tuliowaona kabla walikuwa wanausikiliza muziki, huyu anamsikiliza mwenzake." Wakashinda msimu wao.

Wa pili ni Chris McCausland, 2024, mchekeshaji, haoni. Macho yalimpotea taratibu akiwa kijana mtu mzima, ugonjwa wa kurithi. Akapewa Dianne Buswell wa Australia. Sasa fikiria kazi ya yule dada. Dansi zote duniani zinafundishwa kwa "niangalie mimi fanya hivi", yeye hilo hana. Ilibidi amfundishe kwa maneno na kwa mikono, huku mguu, huku bega, huku nyonga, na siku ya siku yule bwana anaingia kwenye sakafu asiyoiona, taa asizoziona, ngazi zipo, na anatakiwa yeye ndo aongoze maana mwanaume ndo anaongoza kwenye walzi. Walicheza walzi kwa ule wimbo mashabiki wa Liverpool wanauimba uwanjani (yeye mwenyewe ni mtu wa Liverpool) na nawaomba mtu yeyote mwenye bando aende aangalie mkono wa kulia wa Chris. Haujatulia kama mkono wa mtu aliyeambiwa weka hapa usitoe. Unauliza na kujibiwa. Kidogo unakaza, Dianne anaenda, kidogo Dianne anaegemea, yeye anaelewa kona imefika. Nimeirudia labda mara thelathini.

Walishinda. Na siyo kwamba yeye ndo alikuwa anaongoza kwa alama msimu ule, kulikuwa na Tasha Ghouri ambaye alikuwa mcheza dansi tangu zamani na alikuwa anakusanya alama mpaka basi, ila kwenye fainali ya Strictly alama za majaji ni za kuonesha tu, kura za wananchi ndo zinaamua, na wananchi wakaamua vizuri. Ile dansi ya kimya ya Rose na hii walzi ya Chris zote zilikuja kupata tuzo ya BAFTA, tuzo za TV za Uingereza, ile ya tukio la kukumbukwa inayopigiwa kura na watazamaji, moja 2022 nyingine 2025, kwa hiyo siyo mimi na mama mkubwa peke yetu tuliolia.

Mdogo wangu akasema, "Sasa dada si mnawaonea huruma tu?"

Hapa niseme kwa kirefu maana nilimjibu kwa hasira, nikamsema mpaka kuhusu kujirekodi kwake, na sikumjibu vizuri. Huruma ni kumpa mtu alama kwa kitu ambacho hajafanya. Hawa walifanya kitu ambacho wenzao wenye macho na masikio walikuwa wanakikwepa. Ukiwa unaona unaweza kudanganya, unamwangalia mwenzako kwa pembe ya jicho unamfuata nusu sekunde nyuma, majaji wasione, watu wanapiga makofi. Ukiwa unasikia ngoma unaweza kila mtu akacheza ya kwake mkakutana kwenye pigo. Chris na Rose hawakuwa na mlango wa nyuma. Walibaki na mkono tu. Kwa hiyo mi siwapi kura kwa kuwa walicheza PAMOJA NA kuwa hawaoni hawasikii, nawapa kwa kuwa walicheza dansi ya watu wawili na wengine wengi walicheza dansi mbili za mtu mmoja mmoja.

Na siyo kwamba nachukia kurushwa juu. Ngoja nimtaje Hamza Yassin. Huyu ni mzaliwa wa Sudan, kaenda Uingereza ana miaka minane, kazi yake ni kupiga picha za wanyama na ndege huko Uskochi, jitu la miraba minne, na kwenye sakafu mwepesi kama kanzu inavyopepea. Msimu wa 2022, na fainali nakumbuka vizuri kwa sababu ilikuwa Jumamosi ya tarehe 17 Desemba, kesho yake ndo ile fainali ya Kombe la Dunia ya Argentina na Ufaransa, mtaani kwetu hakuna aliyekuwa na habari na dansi. Yule alikuwa anamnyanyua mwalimu wake Jowita Przystal anamzungusha mabegani kama khanga, lakini angalia Jowita anavyoshuka. Anashuka miguu ikiwa tayari imeshajua wapi inaenda. Hiyo ndo tofauti. Kunyanyuliwa ni sehemu ya mazungumzo au ni kupumzika mazungumzo. Wengi wananyanyua ili wapumzike, wamesahau stepu, mrushe juu watu wapige kelele muda uende. Marehemu Len Goodman, yule jaji mzee aliyekuwa akikaa kwenye meza zote mbili, ya London na ya Marekani, hilo lilikuwa linamuudhi siku zote, anataka stepu siyo mbwembwe, na huko Marekani tangu alipofariki 2023 kombe lenyewe wamelipa jina lake. Nilimpenda sana yule mzee. Alikuwa na uso wa mtu ambaye kweli imemuuma ukicheza vibaya.

Mama mkubwa, Hamza aliposhinda alisema "wa kwetu" akaenda kuswali. Na wa kwetu siyo yeye peke yake, kuna Oti Mabuse wa Afrika Kusini alishinda na wanafunzi wawili tofauti misimu miwili mfululizo, 2019 na 2020, mwalimu wa kwanza kufanya hivyo, dada yake Motsi ni jaji pale, na mwalimu mwingine, Johannes Radebe, naye wa huko huko. Watu wanadhani dansi ya ukumbini ni ya wazungu, Afrika Kusini watoto wa mitaa ya kawaida kabisa wanashindana walzi na kwikistepu.

Haya, kura. Hapa mi na wananchi huwa tunapishana.

Strictly wiki za kawaida wanafanya hivi, majaji wakishatoa alama wanawapanga washiriki kuanzia juu mpaka chini, wa juu anapata pointi nyingi wa chini moja, halafu kura za watu nazo zinapangwa hivyo hivyo, wanajumlisha, wawili wa mwisho wanacheza tena majaji wanaokoa mmoja. Ni mpango mzuri lakini 2008 uliwaumbua. Nusu fainali walibaki watatu, Rachel Stevens na Lisa Snowdon wakafungana juu, wote wakapewa pointi 3, Tom Chambers akabaki na 1. Sasa piga hesabu. Tom hata akiongoza kwa kura anapata 3, jumla 4, na mmoja kati ya wale wadada lazima awe wa pili kwa kura, ana 3 na 2, jumla 5. Yani Tom hawezi kuwa wa kwanza kwa namna yoyote, yupo kwenye wawili wa chini hata nchi nzima impigie. Watu washapiga simu washatumia hela zao! Ikabidi wafute mchujo, wote watatu waende fainali, na kura zao zikahamishiwa huko. Na aliyekuja kushinda fainali ni nani, Tom. Mi kila nikikumbuka hii hesabu nasema jamani kwa nini hakukuwa na mtu hata mmoja mwenye kalamu.

Msimu huo huo alikuwepo John Sergeant, mwandishi wa habari za siasa, mtu mzima, tumbo mbele, hajui kucheza na kila mtu anajua hajui. Kwenye pasodoble alimburuza mwalimu wake Kristina Rihanoff sakafuni kama gunia la mkaa, namaanisha kumburuza kweli, kamshika anamvuta anatembea. Na wananchi wanampenda, kila wiki wanampigia, kila wiki anaenda mtu aliyetoka jasho yeye anabaki. Mwezi wa kumi na moja akajitoa mwenyewe, akasema hatari iliyopo ni kwamba anaweza kushinda kweli. Mama mkubwa nilipomsimulia akasema, "Huyo mzee kalelewa." Mi namheshimu mpaka leo. Alijua mkono wake umelala, akatoka kupisha.

Marekani 2018 hakutokea mtu wa kujitoa. Bobby Bones, mtangazaji wa redio, alama zake za chini muda mwingi, wasikilizaji wake wakambeba mpaka akachukua kombe na mwalimu wake Sharna Burgess, na nusu fainali ya msimu ule mwigizaji Juan Pablo Di Pace na mwalimu wake Cheryl Burke walipata alama zote kwenye dansi zao zote wakatolewa. Zote, halafu nje! Msimu uliofuata, 2019, wakabadilisha utaratibu, ikawa wawili wa chini majaji ndo walikuwa wanaamua nani abaki. Sina ugomvi na yule kaka, alikuwa anafurahi na hajamkosea mtu. Ugomvi wangu ni na mtu aliyeshika simu akapiga kura bila kuangalia. Unaweza kuniambia "mbona 2024 wananchi walimpa ambaye hakuongoza kwa alama ukafurahi, 2018 wakafanya hivyo hivyo umenuna", na jibu langu ni rudi ukaangalie mkono, weka klipu hizi mbili moja baada ya nyingine. Mmoja anaongea na mwenzake. Mwingine anaongea na kamera.

Kuna kitu kimoja tu mimi na mama mkubwa hatujakubaliana na ni rumba. Kila ikitangazwa rumba anajiweka sawa kwenye kochi, ikianza anasonya. "Hii siyo rumba." Kwa sababu rumba ya kwenye TV ni ya polepole sana, wanatengana, wanaangaliana kwa huzuni, kiuno kinazungushwa kama kwenye asali, na yeye rumba kwake ni gitaa la solo, ni Wakongo, ni NUTA, ni watu mia mbili ukumbini wanaenda mwendo mmoja. Nikasoma soma. Kumbe ni ndugu wa mbali. Muziki wa Cuba, ule wa son, ulikuja Kongo kwa santuri kuanzia miaka ya 1930 na Wakongo wakausikia wakasema huu si ndo wetu, umerudi nyumbani, wakauchukua wakatia magitaa ikawa rumba yao, ikashuka mpaka huku kwetu, na Desemba 2021 UNESCO wakaiandika kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika kwa maombi ya Kongo zote mbili. Upande mwingine walimu wa dansi wa London nao wakaenda Cuba wenyewe, wakarudi na stepu wakaziandikia sheria, hiyo ndo unayoiona kwenye mashindano. Hata chacha, ambayo mama mkubwa aliicheza Mnazi Mmoja na Waingereza wanaicheza kila msimu, imetoka kwa mpiga fidla wa Havana, Enrique Jorrín, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na jina ni sauti ya viatu vya watu vikikwaruza sakafu, cha cha cha. Nikamwelezea yote haya. Akanisikiliza vizuri mpaka mwisho, akasema, "Sawa. Lakini hii siyo rumba." Mi nasema ni rumba, na nikiangalia Johannes akicheza rumba naona mkono unaongea vile vile, ila umepewa muda mrefu wa kuongea. Tumeliacha hapo.

Ninachokitamani, na nakitamani kweli, ni siku moja yafanyike ya kwetu hapa Dar. Siyo kuiga kila kitu. Bendi tunazo, Msondo wapo, Sikinde wapo tangu 1978, wanajua kupiga laivu usiku kucha bila kuangalia karatasi, waweke watu maarufu kumi, waigizaji, wachezaji wa zamani wa Simba na Yanga, watangazaji, wawape walimu wa kutoka kizazi cha mama mkubwa, maana hawa wazee bado wapo, wapo Ilala, wapo Temeke, wanakaa barazani na ujuzi wao hakuna anayewauliza. Wawafundishe watu kushikana. Vijana wetu wanacheza vizuri sana, tena sana, mdogo wangu akicheza pale barazani majirani wanasimama, lakini wanacheza wote wanaangalia mbele kwenye simu, watano kwa mstari, hakuna anayemgusa mwenzake. Mama mkubwa anasema wao walikuwa wakimaliza wimbo unamshukuru mtu, unamrudisha mpaka kwenye kiti chake. Na kwenye kura ya SMS naomba kitu kimoja tu, alama za majaji zihesabike mpaka mwisho, nusu kwa nusu, tusije tukamrudisha nyumbani aliyetoka jasho kwa sababu mwenzake ana wafuasi wengi.

Jumapili tulimaliza saa tatu usiku, bando limekata, nikasalimia nikaondoka. Mdogo wangu alinisindikiza mpaka kituoni kimya, nikajua bado kanuna kwa yale niliyomwambia kuhusu kujirekodi, na mimi sikuomba radhi.

Juzi usiku wa manane simu ikalia. Kanitumia klipu, watu wawili siwajui, dansi sijui ni ya nchi gani, dada karushwa juu kazunguka mara mbili hewani katua, watu wanapiga makofi. Chini kaandika, "Dada angalia mkono."

Nikaangalia. Umelala.